Jina la Marehemu, Mkono Wangu

Ndugu msomaji, kabla sijafika mbali niseme ukweli: makala hii ilikuwa iwe riwaya. Nilishanunua kaunta buku la kwaya tatu hapa Chanika, Handeni, na sura tatu zilikuwa zimejaa. Mji wangu ulikuwa Mji Mkongwe wa Unguja. Usiku, mvua inanyesha, vichochoro vimebanana. Ndani ya ghala moja kulikuwa na genge la mafundi wa vitu vya kale vya bandia: milango ya nakshi, makasha ya njumu, picha za kuchora. Kulikuwa na msichana mrembo ambaye hajulikani yuko upande gani. Bastola nayo haikukosekana. Wewe uliyekulia kwenye vitabu vya Willy Gamba vya marehemu Elvis Musiba, au vya Joram Kiango vya marehemu Ben Mtobwa, huhitaji kuelezwa: mapenzi sura ya pili, risasi sura ya tano.

Sura ya nne ikakataa. Nilikaa na kalamu wiki nzima, hakuna kitu. Kwanza Unguja kwenyewe sijawahi kufika, naijua kwa kalenda za ukutani. Pili, kila nilipotaka kueleza fundi wa bandia anavyofanya kazi yake, nilijikuta naeleza chumba fulani cha bati kule Korogwe, harufu ya dawa ya viatu na ya rangi ya mafuta, na kijana mmoja aliyeinama juu ya ubao akiandika jina lisilo lake. Usiku mmoja umeme umekatika, nikajiuliza: wewe bwana, unahangaika na matapeli wa Unguja ambao huwajui, wa Korogwe umewasahau? Na kijana yule mwenye kalamu, si ni wewe mwenyewe?

Basi nikafunga kaunta buku. Haya unayoyasoma ni historia. Mapenzi yamo, hatari imo, ila bastola iliyomo ni moja tu, na ililia Dar es Salaam mwaka 1972, mimi sijazaliwa wala baba yangu hajaoa.

Tuanze na mti.

Handeni ni nchi ya ukame na miti migumu. Katika mapori yetu mpingo unaota, mti mfupi wenye miiba, umejipinda kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Ukiupita njiani hutaugeukia. Ukiukata ndipo utashangaa: pembeni pana ubao wa njano iliyofifia, na katikati kuna weusi uliokolea. Kigogo chake ukikitupa majini hakielei, kinazama kama jiwe. Unachukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa. Wazungu wanautengenezea klarineti na obo, na Wamakonde wanauchongea vinyago vilivyolitangaza jina la Tanzania duniani.

Mti unaochukua umri wa mzee kukua hauwezi kuwa rahisi. Na kitu kisipokuwa rahisi, lazima atazaliwa mwenye kukiiga. Niliyajua haya kwa mikono yangu. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuwa ya kuficha, nikakaa kijiweni mwaka mzima. Halafu mjomba akaniunganisha na mfanyabiashara mmoja wa Korogwe aliyekuwa akipeleka vinyago na picha kwenye maduka ya watalii. Jina lake silitaji. Sisi vijana wake tulimwita Bosi tu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupaka. Vinyago vilikuja vimechongwa kwa mti laini mweupe, vijana wanamaliza kumi kwa siku moja. Mimi napiga msasa, napaka dawa ya viatu nyeusi, naanika, napaka tena, halafu nasugua kwa kitambaa mpaka king'ae. Hapo "mpingo" umezaliwa, bila kungoja miaka 70. Kama unanunua kinyago, ndugu msomaji, kipime mkononi kwanza. Mpingo ni mzito kuliko macho yanavyokwambia. Kisha kilowanishe kitambaa kwa spiriti usugue chini ya kitako, mahali fundi asipopajali. Kitambaa kikitoka cheusi sana, umeuziwa kiatu.

Nilicheka miezi ile, sikatai. Nilijiambia mtalii ana hela, tena hata hajui tofauti. Nani anaumia? Swali hilo, nani anaumia, ndilo lililonifikisha kuandika makala hii.

Kwenye chumba kile alikuwamo kijana mwingine, mchoraji. Huyu hakuwa wa kupaka dawa ya viatu. Alikuwa na kipaji cha Mungu. Akikaa chini na ubao wake magotini, rangi za mafuta ndani ya makopo ya maziwa, baada ya saa moja chui anakuangalia mpaka unataka kusogea. Alichora kwa mtindo wa tingatinga: mnyama mmoja, macho makubwa, mgongo wake rangi moja tupu. Bosi alimlipa kwa ubao, na kwenye kona ya chini alimkataza kuandika chochote. "Kona niachie mimi," alimwambia.

Siku moja Bosi akaniona naandika barua. Akaiangalia ile hati, akatabasamu. Akasema, "Dogo, kumbe una mkono mzuri hivi? Hebu njoo."

Alinionyesha karatasi yenye picha iliyochapwa kutoka kitabuni, na kwenye kona jina la E. S. Tingatinga. Akanipa brashi nyembamba kama unywele na mbao chakavu za kujifunzia. Alikuwa na mnunuzi, alisema, anayetaka za zamani, za mwenyewe marehemu. Mbao tatu za yule kijana zilikuwa zimeshaandaliwa: zimetundikwa juu ya moshi wa jikoni wiki mbili, zimesuguliwa kwa maji ya majani ya chai, nyuma zimepigwa misumari yenye kutu. Kilichobaki ni jina. Shilingi elfu kumi kila ubao. Mimi ambaye kupaka kinyago nalipwa mia tatu!

Niliandika. Wa kwanza mkono ulitetemeka, herufi G ya pili ikatoka ndogo kuliko ya kwanza. Wa pili na wa tatu zikatoka safi kabisa. Elfu thelathini. Nikaenda moja kwa moja stendi, nikanunua khanga doti moja ya kumpelekea binti mmoja wa Manundu, fundi cherehani, ambaye kwa miezi minne nilikuwa namzungusha maneno naye ananizungusha macho.

Aliipokea khanga, akaigeuza geuza, akasoma jina lake. Halafu akaniuliza, "Hela umepata wapi?"

Nikamweleza, tena kwa majigambo. Nilidhani atacheka kama nilivyocheka mimi. Alinyamaza. Akaikunja khanga vizuri, akaiweka juu ya cherehani, akasema, "Jumapili uje nyumbani. Nataka uongee na babu."

Ndugu msomaji, kijana akiitwa kwa babu wa binti, anawaza posa. Nilivaa shati jeupe.

Babu yake ni Mmakua, alitoka Masasi kijana mdogo kabla ya Uhuru, kuja kukata mkonge. Ili tuelewane, lazima niseme habari ya mkonge, maana Korogwe bila mkonge ni stesheni tu ya reli. Mmea huu si wetu. Aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyofunika nchi kutoka Tanga hadi Korogwe na Mombo, na mengine hadi Morogoro na Lindi. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na hakukuwa na nchi nyingine duniani iliyotushinda.

Nani alikata mkonge huo? Wenyeji hatukuupenda. Kazi ya miiba, jua kali, majani yanachoma, maji yake yanawasha ngozi. Kwa hiyo watu waliletwa kutoka mbali: kusini, magharibi, Burundi, Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha watu, kikajulikana kama SILABU. Mtu anapandishwa lori kwao akiwa na jina, anashushwa kambini akiwa na namba na kipande mkononi.

Na hapa ndipo nilipoanza kukaa sawa kwenye mkeka. Babu aliniambia, "Huyo mnayemwandika jina lake, unamjua?"

Nikasema, "Shikamoo, Babu," maana kwa woga nilisahau kuwa nimeshamwamkia.

Akaitikia marahaba ya pili, akaendelea. "Mimi sikupata kumwona. Lakini alitoka Tunduru, kwetu kule kusini, akaja huku Tanga kukata mkonge kama mimi. Tumekula vumbi moja. Wewe ulikata mkonge?"

"Hapana, Babu."

"Basi jina lake umelipata wapi?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Baada ya siku ile nilianza kutafuta na kusoma, na haya ndiyo niliyoyakusanya. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kwenye familia maskini ya wakulima. Jina lake lenyewe linaonyesha nyumba aliyotoka: Edward upande mmoja, Saidi upande wa pili, mama Mkristo na baba Mwislamu. Miaka ya 1950 aliondoka kwao akaja mkoa wa Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1959 akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Akawa mtumishi wa nyumbani na wa bustani kwa Mwingereza mmoja, baadaye akafanya vibarua vya kila aina.

Miaka ile ya 1960 wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao Dar es Salaam, na zilinunuliwa. Tingatinga alizitazama, akaona hata yeye anaweza. Mwaka 1968 akaanza. Hakuwa na turubai wala rangi za chuo. Alinunua mbao nyembamba za dari, akazikata vipande vya mraba, na akatumia rangi za mafuta zile za kupakia baiskeli. Akachora chui, kiboko, ndege, simba. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa wa wazungu na wakubwa. Kwa nini mbao na rangi ya baiskeli? Kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu na mfuko wake. Leo watu wanauita huo mtindo, wanauandikia vitabu. Mimi nauona ni akili ya mtu wa kambini: tumia ulichonacho.

Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka. Nitulie kidogo hapa, maana mliahidiwa mapenzi. Kwenye riwaya yangu iliyokufa mapenzi yalikuwa macho kwa macho chini ya taa ya barabarani. Kwenye historia hii ni mke anayeishi na mume mwenye rangi kwenye kucha, chumba kinachonuka mafuta, mbao zimeegemezwa ukutani kukauka na watoto wadogo wanakatazwa kugusa. Ndugu na jamaa kutoka kusini walikuja kujifunza kwake: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde, Ajaba Mtalia. Ilikuwa nyumba, na ilikuwa shule. Mambo yalikuwa yameanza kunyooka, shirika la serikali la sanaa limeanza kununua kazi zake.

Ndoa ile ilipata miaka miwili tu. Mwaka 1972, Dar es Salaam, polisi walimpiga risasi Edward Saidi Tingatinga wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Hakuwa mhalifu, hakuwa akitoroka. Alikuwa na miaka 40. Alichora miaka minne tu.

Soma hapo tena, halafu fikiri kama nilivyofikiri mimi kwenye basi la kurudi Handeni. Mtu huyu alikufa kwa kudhaniwa mtu mwingine. Na baada ya kufa, watu wengine wakaanza kujifanya ni yeye.

Sina maana ya wanafunzi wake. Hili lazima niliweke wazi, maana wengi tunachanganya. Baada ya msiba wale vijana hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pale pale, mwaka 1977 wakaunda ushirika wao mdogo, na mwaka 1990 kikasajiliwa chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Simon Mpata alikwenda Nairobi, kazi zake zikapendwa mpaka Japani, akafariki mwaka 1984. Watu hawa waliiga mkono wa mwalimu, kama mwanafunzi wa madrasa anavyoiga hati ya mwalimu wake. Lakini kwenye kona waliandika Linda, Mandu, Mpata. Kuiga mtindo ni urithi. Kuandika jina la marehemu ndio wizi.

Na wizi huu una sababu nyepesi. Picha za mkono wake ni chache, kwa vile miaka yake ya kuchora ilikuwa michache. Jina limekuwa kubwa, limekuwa la mtindo mzima, mtoto wa darasa la pili anajua neno tingatinga. Vitu vichache na jina kubwa: hiyo ndiyo hesabu anayoipenda tapeli. Ndiyo maana picha zenye jina lake la kughushi zimeingia sokoni, hapa na Ulaya. Nyingine zinajiumbua zenyewe. Yeye alichora juu ya ubao, kwa hiyo ukiona kitambaa kipya chenye jina lake, weka hela yako mfukoni. Yeye alipenda mnyama mmoja na uwazi nyuma yake. Ukiona msongamano wa wanyama ishirini na Mlima Kilimanjaro juu, huo ni mtindo uliokua baadaye, mikononi mwa waliomfuata.

Wazungu nao wana matapeli wao, tena wakubwa kuliko Bosi. Mholanzi Han van Meegeren alichora picha akazipa jina la Johannes Vermeer, fundi wa karne ya 17, na moja ikafika mikononi mwa Hermann Göring, mkubwa wa Wanazi. Vita ilipokwisha, mwaka 1945, akakamatwa kwa kosa la kumuuzia adui urithi wa taifa. Ili ajiokoe alikiri kwamba urithi wenyewe kauchora yeye, na akachora nyingine mbele ya mashahidi. Novemba 1947 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na Desemba akafa. Watu wengi walimwona shujaa aliyemzuga Göring. Vermeer alishakufa mwaka 1675. Wajane na yatima wake walikuwa udongo siku nyingi.

Sheria nayo imewahi kujikwaa hapa. Uingereza mwaka 1857 mtu aitwaye Closs alishtakiwa kwa kuuza nakala ya picha yenye jina la mchoraji John Linnell. Majaji wakaamua kwamba picha si hati, kwa hiyo jina la uongo juu yake si kughushi, ingawa kudanganya mnunuzi kunabaki kuwa kosa. Na Kanuni yetu ya Adhabu nayo, inapoeleza kughushi, inaanza na kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Mimi si mwanasheria. Ila nilipoisoma ile kesi ya Closs kwanza nilipumua, halafu nikaona aibu kwa kupumua.

Maana swali halikuwa mimi na jela. Swali lilikuwa lile la mwanzo: nani anaumia? Mtalii anapoteza hela, atapata nyingine. Anayeumia kwanza ni yule aliyekuwa namba kambini, akajitafutia jina kwa brashi na rangi ya baiskeli, akalipata kwa miaka minne, akapigwa risasi. Jina ndilo alilowaachia mke na watoto, na mimi nililiuza elfu kumi. Anayeumia wa pili sikumwona mpaka binti wa Manundu aliponionyesha. Jioni ile babu alipokwenda kulala, tulikaa barazani, akasema, "Na yule mwenzako anayechora? Chui ni wa kwake. Jina lake liko wapi?"

Nikanyamaza. Kumbe ubao mmoja una wizi wa aina mbili. Jina la marehemu limeibiwa, na jina la aliye hai limezikwa chini yake.

Jumatatu nilikwenda kazini. Mbao mbili zilishaondoka Jumamosi. Ule wa tatu ulikuwa bado umeegemezwa ukutani, umefungwa gazeti. Sikupanga kitu. Bosi alikuwa stendi akisimamia mzigo, nami niliuchukua ubao, nikautia ndani ya kiroba cha unga, nikatoka.

Hapo ndipo hatari ilipoanza, wala haikufanana na ya vitabuni. Hakuna aliyenikimbiza juu ya mapaa. Usiku pikipiki ilisimama nje ya chumba nilichopanga, taa haizimwi. Sauti ya mtu ninayemjua, ambaye mchana tulikula naye ugali sinia moja, iliniita kwa jina la baba yangu. Ikasema wanajua kwetu Handeni, wanajua na nyumba ya fundi cherehani. Ikasema ubao uwe umerudi kabla ya Ijumaa. Basi. Pikipiki ikaondoka. Nilikaa sakafuni mpaka adhana ya alfajiri, na kilichonitisha zaidi ni kwamba sikuwa na pa kwenda kushtaki. Ningesema nini? Kwamba nimeiba kitu nilichoghushi mwenyewe?

Asubuhi nilimpelekea babu ule ubao. Nilidhani ataniambia niurudishe, au niutupe mtoni. Aliushika karibu na macho, maana hayaoni vizuri tena, akapapasa chui kwa vidole vilivyokwisha kwa mkonge. Akasema, "Mnyama huyu hana kosa. Futa jina." Akamwita mjukuu wake alete msasa.

Nilifuta mwenyewe, mbele yao. Ilichukua dakika mbili. Kuandika kulichukua tano.

Kisha babu alifanya jambo ambalo shujaa wa riwaya asingelifanya. Alivaa kofia yake, akashika fimbo, akamwendea Bosi kwa miguu, mchana, mbele za watu. Alichomwambia sikukisikia, na alipoulizwa alisema tu kwamba wazee huwa wana mazungumzo. Labda Bosi aliogopa kelele. Labda na yeye alikuwa na babu. Pikipiki haikurudi tena, lakini mshahara wangu wa mwezi ulikwenda nao, na mimi nikapanda basi la alfajiri kurudi Handeni nikiwa na begi moja.

Miezi sita baadaye yule mchoraji alifika Manundu. Aliacha kazi kwa Bosi baada ya kugombania malipo, akasikia kuna ubao wake kwa mzee mmoja. Binti akanipigia simu, nikasikia kwa masikio yangu kelele za pale nyumbani. Walimpa kopo la rangi nyeusi, ile ya baiskeli, na brashi. Kwenye kona, mahali ambapo msasa wangu umeacha doa jeupe, aliandika jina lake. Jina hilo hapa silitaji, kwa sababu hajaniruhusu. Ukifika kwa babu utalisoma ukutani.

Ndugu zangu tunaoota kuwa waandishi, nimejifunza kitu kuhusu kazi yetu. Zile sura zangu tatu za Unguja zilikuwa na bastola ya Musiba, msichana wa Mtobwa, na mvua ya sinema. Nilikuwa nimezitia moshi wa jikoni na maji ya chai, nikaandika jina langu kwenye kona. Kumwiga mwalimu si dhambi, ndivyo kila mmoja anavyoanza, hata Tingatinga aliwatazama Wakongo kwanza. Lakini alipokaa chini, alichora kwa rangi aliyoimudu na ubao aliokuwa nao. Sisi ubao wetu uko hapa: Handeni yenye mpingo, Korogwe yenye mkonge, vijiwe vyetu, aibu zetu. Tuandike hivyo, na kwenye kona tuandike majina yetu.

Zile mbao mbili sijui ziko wapi. Huenda zimetundikwa sebuleni kwa mtu mwema huko ng'ambo anayewaambia wageni wake hadithi ya yule mchoraji maskini wa Afrika. Kama unaye jamaa aliyenunua picha ya zamani ya chui kwenye ubao, mwambie aangalie kona ya chini. Herufi G ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, si ya marehemu. Ni yangu, na naomba radhi.

Na khanga? Bado iko juu ya cherehani, imekunjwa vile vile. Nilipomwambia naandika habari hii kwa ajili ya jarida letu, nikamuuliza kama sasa ataivaa, alisema, "Andika kwanza. Nikisoma na kukuta umedanganya hata sehemu moja, nakurudishia."

Nimeandika. Nasubiri.